Warsha, kiti cha meno, kozi ya simu au mkufunzi kituoni? Njia nne za kuwafunza madaktari wa familia Uganda kuchunguza kinywa

Mwenye kansa ya mdomo ni nadra aanzie kwa daktari wa meno. Huanzia duka la dawa, akapewa amoksilini na metronidazo za siku tano. Kidonda kikikataa, huenda kliniki ya mtaani, akapewa zilezile za siku saba. Akifika kituo cha afya, jino lililo jirani na kidonda limeshaanza kulegea; linang'olewa, na tundu lake nalo halifungi. Katika mzunguko huo anaweza kuonwa na watu wanne waliosomea tiba, asipatikane hata mmoja aliyeushika ulimi wake na kuutazama ukingoni.

Mwenye bajeti ndogo anayetaka kuwafunza watu hao wanne ana njia nne za kuchagua, na zote huitwa kwa jina moja la "mafunzo". Kwa pesa, kwa muda na kwa kinachobaki kichwani baada ya miezi mitatu, zinatofautiana sana.

Kwanza, tunamfunza nani? Madaktari waliobobea katika tiba ya familia ni wachache Uganda, ingawa vyuo vikuu vya Makerere na Mbarara huwasomesha. Kwa mwananchi, daktari wa familia ni yule tabibu wa kituo cha afya cha daraja la III, daktari wa kituo cha daraja la IV kilicho juu yake, au musawo (mganga, kwa Luganda) mwenye kliniki ya vyumba viwili karibu na steji ya boda. Hao ndio walengwa hapa. Mafunzo yanayongoja mabingwa yatawaacha wagonjwa pale pale.

Kinachotakiwa kifundishwe

Usilinganishe njia kabla ya kujua unanunua nini. Daktari aliyefunzwa vizuri anaweza mambo manne.

La kwanza ni kuukagua mdomo mzima kwa dakika tatu. Anahitaji kiti, glavu, vijiti viwili vya kubonyezea ulimi, kipande cha shashi cha sentimita 10 kwa 10, na tochi ya kuvaa kichwani. Tochi ya simu haifai, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Meno bandia yanatolewa. Anaanza nje kwa kupapasa tezi za shingo, chini ya taya hadi juu ya mtulinga, kulia na kushoto. Anageuza mdomo wa juu na wa chini. Anavuta shavu kwa kijiti hadi aone nyuma ya gego la mwisho. Anapita fizi nje na ndani, kisha kaakaa, kisha koo mgonjwa akisema "aaa".

Ulimi ndio mtihani wenyewe. Shashi inakunjwa, ncha ya ulimi inashikwa kwayo, inavutwa mbele taratibu kisha kulia, ili ukingo wa kushoto uonekane wote hadi nyuma kabisa. Halafu kinyume chake. Asiyefunzwa husema "toa ulimi", humulika mgongo wake, huandika "kinywa safi" na kumwita anayefuata. Kansa hukaa zaidi ukingoni na kwenye sakafu iliyo chini ya ulimi. Juu ya mgongo wa ulimi ni nadra. Sakafu hiyo haitoshi kuitazama. Kidole kimoja kinaingia ndani, vidole vya mkono wa pili vinasukuma kutoka chini ya taya, na nyama inapita katikati. Ikiwa laini kama ulimi wa mbuzi uliochemshwa, sawa. Ukikutana na kitu kigumu kisichosogea, umepata sababu ya rufaa hata kama juu yake hakuna kidonda.

La pili ni kujua nini kipelekwe mbele. Kidonda kilichozidi wiki tatu bila sababu inayoeleweka. Baka jekundu, au jekundu lililochanganyika na jeupe. Jekundu ni la hatari kuliko jeupe tupu, na wengi hudhani kinyume. Uvimbe wa mdomo au shingo. Jino lililolegea peke yake wakati majirani wake wako imara. Tundu la jino lisilofunga. Mdomo wa chini kufa ganzi. Sikio kuuma upande mmoja huku sikio lenyewe likiwa zima. Utando mweupe unaofutika kwa shashi kwa kawaida ni fangasi. Usiofutika unahitaji jicho la pili.

La tatu ni kutambua yasiyongoja hata siku. Mtoto mwenye taya linalovimba na meno yanayolegea anaweza kuwa na limfoma ya Burkitt, kansa ambayo Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago jijini Kampala, aliiandika mwaka 1958. Uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. Kumng'oa mtoto huyo meno ni kumpotezea wiki asizokuwa nazo. La dharura jingine ni jipu la jino lililoshuka chini ya taya pande zote mbili, ulimi umeinuka, mate yanachuruzika, hawezi kumeza. Huyo anapelekwa hospitali akiwa ameketi. Ukimlaza chali unaweza kuiziba njia yake ya hewa.

La nne ni kuandika rufaa inayofika na kutoharibu kazi ya wengine. Nalo tutalirudia.

Afya ya kawaida ya meno iingie humo humo, lakini isimeze muda wote. Dawa ya meno yenye floridi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 hadi 1,500 mara mbili kwa siku. Mtoto chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere. Antibiotiki peke yake haiponyi jino lililooza. Dawa za presha kama nifedipini na amlodipini, na fenitoini ya kifafa, huweza kuvimbisha fizi. Na ebiino: mama akileta mtoto mwenye homa na kuhara akaambiwa kijijini kwamba kuna "meno ya uongo" ya kuchokolewa, daktari aonyeshe kwa kidole kwamba ule uvimbe mweupe ni chonge linalojitengeneza, atibu kuhara, na asimkejeli mama. Aliyekejeliwa ataenda kwa mchokoaji usiku huo huo.

Warsha ya ukumbini

Ndiyo inayopendwa kuliko zote, na sababu zake si za kitabibu. Inapigwa picha, inaandikiwa ripoti, ina posho. Nasema posho ya bahasha; ile ya unga, yaani ugali, ni chakula cha mchana. Kwa sababu hiyo mkuu wa kituo humpeleka ambaye zamu yake ya kusafiri imefika, na anayeona wagonjwa kila siku anabaki kituoni na foleni.

Kosa lake la pili ni slaidi. Picha za kufundishia mara nyingi ni za kansa iliyokwisha kuchanua kama koliflawa, ambayo hata jirani wa mgonjwa angeitambua. Picha nyingi pia ni za midomo ya watu weupe. Daktari akirudi kituoni anakutana na fizi zenye mabaka meusi ya asili, anashtuka, anaandika rufaa. Au anaona ukungu wa maziwa ndani ya mashavu yote mawili na kuuita kansa. Anyooshe shavu kwa vidole: ukungu ukipotea, ni hali ya kawaida inayoonekana sana kwa watu weusi. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, lina mwongozo wa kidijitali wa kutambua mapema mabadiliko ya mdomo, na picha zake zinasaidia kuliko zile za kuokoteza mtandaoni. Changanya na picha za midomo mizima ya Waganda, angalau nusu kwa nusu.

Warsha inaokolewaje? Ifanye siku moja. Watu wasizidi 24. Asubuhi dakika 90 za picha, kila picha ikiwa na swali moja tu: huyu arudi nyumbani, arudi baada ya wiki mbili, au aende leo? Baada ya hapo vikundi vinane vya watatu watatu: mmoja anakagua, mmoja anakaguliwa, wa tatu ana kadi yenye hatua na anaweka alama. Kila mtu akiwakagua wenzake wawili, ni ukaguzi sita kwa kikundi. Kwa dakika nane kila mmoja, saa moja inatosha. Ukumbi mzima unafanya ukaguzi 48, yaani glavu 96, vijiti 96, vipande 48 vya shashi na tochi nane. Boksi moja la glavu 100 linatosha kwenye karatasi. Nunua mawili, maana glavu huchanika na daima yupo atakayeshika simu katikati ya kazi.

Jambo moja husahaulika: watu 24 wazima wakikaguana, huenda kitu kikaonekana kwa mmoja wao. Waambieni kabla ya kuanza kwamba mwenye wasiwasi amwite mkufunzi kwa kuinua mkono bila kusema neno, na mazungumzo yafanyike pembeni.

Warsha ina nguvu moja ambayo njia nyingine hazina. Inawakutanisha tabibu wa kituo, afisa wa meno wa daraja la IV na mpokeaji wa hospitali ya rufaa ya mkoa katika chumba kimoja. Wakibadilishana namba za simu na kukubaliana siku ya kupokea wagonjwa, pesa imerudi. Wasipofanya hivyo, mmenunua chakula cha mchana.

Kwenye kiti cha meno

Daktari anakwenda kukaa asubuhi nzima katika kliniki ya meno, akikagua kila anayeketi kabla hajatibiwa. Kitu cha kuchekesha, au cha kuudhi, ni kwamba kwenye kituo cha daraja la IV chenye afisa wa meno, chumba cha meno na chumba cha daktari vinaweza kuwa kwenye ua mmoja, hatua thelathini kati yao, na daktari akamaliza miaka miwili bila kuingia humo. Hapo mafunzo hayana nauli wala ukumbi.

Usitarajie aone kansa. Ni ugonjwa wa nadra kwa kituo kimoja, na anaweza kumaliza asubuhi zote bila kukutana na hata mmoja. Anachojifunza ni mdomo mzima: tezi za mate zilivyo chini ya ulimi, vinundu vya kawaida vya nyuma ya ulimi ambavyo kila mara humtisha anayeanza, ukingo wa kaakaa, mifupa inayochomoza ndani ya taya la chini kwa baadhi ya watu. Aliyekagua midomo 40 iliyo salama, mkono wake husimama wenyewe ukifika kwenye wa arobaini na moja usio salama. Hiyo ndiyo sababu tunaiweka njia hii juu ya warsha.

Inaharibika namna hii: foleni ya kung'oa meno ni ndefu, afisa wa meno hana msaidizi, na mgeni anageuzwa mshika taa. Saa nne zimepita, ameshika bomba la kufyonza mate na hajakagua mtu. Dawa yake ni karatasi moja ya ahadi kati ya wakuu wao wawili: kila asubuhi ukaguzi kamili kumi, mitatu kati ya hiyo ikirudiwa na mwenyeji papo hapo ili tofauti zijadiliwe. Asubuhi nne, moja kwa wiki. Zikifululizwa siku nne, kituo kinalia na mwanafunzi anachoka.

Ikiwezekana, asubuhi ya tano iwe kwenye kliniki ya kichwa na shingo ya hospitali ya rufaa ya mkoa au ya Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyo Mulago tangu 1967. Siku hiyo ni ya kuona ugonjwa wenyewe na kuelewa wagonjwa wanakwama wapi njiani. Pia atajifunza jambo litakalomfaa mgonjwa akirudi kijijini: taya lililopigwa mionzi haling'olewi jino kituoni. Mfupa wake hauponi vizuri, unaweza kuoza. Meno mabovu hutolewa kabla ya mionzi, na vidonda huachwa vipone kwanza.

Kozi ya simu na kundi la WhatsApp

Kwa maarifa ya kichwani, hii ndiyo rahisi kuliko zote. Shirika la Afya Duniani limetoa kozi ya bure ya afya ya kinywa kwa wahudumu wa afya ya jamii barani Afrika. Daktari ataiona nyepesi, lakini itamkumbusha aliyoyasahau. Husomwa usiku, haihitaji ruhusa ya mkuu. Ikitambuliwa na baraza linalompa leseni, inachangia pointi za mafunzo endelevu anazohitaji kila anapoihuisha. Hakikisha utambuzi huo kabla ya kuitangaza. Daktari na afisa wa meno wa stashahada wako chini ya mabaraza tofauti, na pointi za huyu si lazima zimfae yule.

Udhaifu ni mkono. Hakuna video iliyomfundisha mtu uzito wa kuvuta ulimi bila kuumiza kamba iliyo chini yake kwenye meno ya chini. Halafu kuna data: tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu yake, na video za nusu saa hukatwa katikati. Tengeneza vipande vya dakika nne hadi tano vinavyoweza kupakuliwa usiku. Na mtihani wa kubofya haupimi kitu. Watu hubofya hadi cheti kitoke. Mtihani unaofaa ni picha 20 zenye yale maamuzi matatu ya warsha, nafasi moja tu ya kujibu.

Kundi la WhatsApp tunalitenga na kozi. Kama shule halifai: baada ya wiki tatu limejaa salamu za Ijumaa na matangazo ya viwanja. Kama jicho la pili kwa waliokwisha kufunzwa, ni zuri sana. Lina masharti. Picha ipigwe kwa mwanga mweupe, maana taa ya njano hugeuza baka jekundu kuwa kahawia. Ziwe mbili: moja ya karibu, moja ya mbali kidogo ili pajulikane ni wapi. Kando ya kidonda kuwe na kijiti kilichochorwa milimita. Sura isionekane, jina lisiandikwe, mgonjwa akubali kwanza. Sheria ya ulinzi wa data na faragha ya 2019 inahusu simu yako pia. Picha ifutwe kwenye simu, na kwenye hifadhi ya mtandaoni inayojipakia yenyewe, ambayo wengi hawakumbuki kuwa wameiwasha.

Sharti kubwa zaidi: picha hairuhusiwi kufuta rufaa. Kidonda cha zaidi ya wiki tatu kinapelekwa hata kama mtaalamu kwenye kundi ameandika "inaonekana salama". Hajakigusa.

Mkufunzi anayekuja kituoni

Afisa wa meno au daktari wa meno anakuja kituo cha daraja la III, anakaa chumba cha tabibu, wanakagua pamoja. Njia hii huonyesha yaliyojificha. Tochi ipo lakini betri ziliisha mwaka jana. Shashi zipo, zimefungiwa stoo na ufunguo uko Kampala. Kiti cha mgonjwa kimegeukia dirisha, kwa hiyo daktari anakagua kwenye kivuli chake mwenyewe. Warsha haiyaoni mambo hayo kamwe, na ndiyo yanayozuia kazi.

Faida nyingine ni kwamba wote waliopo zamu hufunzwa, akiwemo nesi wa kliniki ya VVU. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu fangasi za mdomo, mabaka meupe yasiyofutika ukingoni mwa ulimi na doa la zambarau la sakoma ya Kaposi, kansa inayoambatana na VVU, kwenye kaakaa huonekana hapo, na wagonjwa wake hurudi kwa tarehe zinazojulikana. Aliyekosa kukaguliwa mwezi huu anakaguliwa ujao.

Linaloikwamisha ni mafuta ya gari na siku za mkufunzi. Kituo kimoja kwa siku, hakuna njia ya mkato. Na habari husambaa. Mwanakijiji akisikia "daktari wa meno amekuja", saa tatu asubuhi benchi limejaa walioshika mashavu, na hadi jioni mkufunzi amekuwa mng'oaji. Usipigane na hilo. Tangazeni kupitia VHT, wahudumu wa afya wa kijijini, kwamba meno ni kuanzia saa nane mchana, na asubuhi iwe ya kukagua tu.

Ziara tatu zinatosha: ya kwanza, baada ya wiki nne, na baada ya miezi minne. Kila ziara ianze na daftari la wagonjwa wa nje, si na salamu ndefu. Namba tatu tu: midomo mingapi ilikaguliwa, wangapi walipewa rufaa, wangapi walifika. Ya tatu ndiyo huaibisha.

Kwa ufupi, kando kwa kando

| | Warsha | Kiti cha meno | Kozi ya simu | Mkufunzi kituoni |
|---|---|---|---|---|
| Watu kwa mara moja | hadi 24 | 1 au 2 | wowote | 3 hadi 6 |
| Muda nje ya kazi | siku 1 na safari | asubuhi 4 | hakuna | hakuna |
| Pesa huishia wapi | ukumbi, posho, nauli | pengo la zamu | data | mafuta, siku za mkufunzi |
| Mkono unajifunza? | ukilazimisha | ndiyo | hapana | ndiyo |
| Huharibiwa na | kupeleka asiyehusika | kufanywa mshika taa | kubofya bila kusoma | foleni ya kung'oa meno |

Kuna njia ya tano, kuliingiza somo hili kwenye mitaala ya vyuo. Ni sahihi, ni ya polepole, na mwenye kituo hana usemi nayo.

Nani achague ipi

Kliniki binafsi Kampala, Jinja au Mbarara yenye madaktari wawili au watatu: kozi ya simu kwanza, kisha lipia asubuhi nne kwa kila daktari kwenye kliniki ya meno iliyo jirani. Warsha haikufai.

Wilaya yenye kituo cha daraja la IV na vituo kadhaa vya III: daktari na matabibu wa IV waanze kwenye kiti cha meno ndani ya ua wao. Afisa wa meno huyo huyo ndiye atakayezunguka vituo vya III, ziara tatu kila kimoja. Ukibakiwa na pesa ya warsha, itumie mwishoni, nusu siku, kwa kazi moja ya kukubaliana njia ya rufaa. Wengi huianza na warsha na pesa huishia hapo.

Wilaya isiyo na afisa wa meno kabisa: warsha ya siku moja, kwa mtindo wa vikundi vya watatu, mkufunzi akitoka hospitali ya mkoa, kisha kundi la WhatsApp lenye msimamizi anayelipwa muda wake. Ni chaguo la pili, lakini ni bora kuliko kungoja.

Vituo vinavyohudumia wakimbizi, kama Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, na vile vya mpakani na West Nile: mkufunzi kituoni, na zoezi la kuuliza lifanywe kwa Kiswahili. Mafunzo huendeshwa kwa Kiingereza, tabibu akirudi chumbani anakosa maneno. Maswali matano yanatosha: Una kidonda mdomoni kimezidi wiki tatu? Kuna mahali pagumu ukipapasa kwa ulimi? Kumeza kunauma? Unavuta, unatafuna au unaweka tumbaku shavuni? Pombe kali, waragi, kwa wiki mara ngapi? Sema "kansa", maana "saratani" wengi hapa hawaijui, na kwa Luganda ni kookolo. Usiulize "unatumia tumbaku?" kwa jumla. Mwenye ugoro au kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni) hujibu hapana kwa sababu havuti, na kwa kuwa sheria ya tumbaku ya 2015 ilipiga marufuku biashara ya tumbaku isiyovutwa, ana sababu nyingine ya kunyamaza. Taja kitu kwa jina lake na uulize kwa sauti ya kawaida.

Akague nani, wote?

Hapana, na mafunzo yanayoagiza hivyo hufa wiki ya kwanza. Wagonjwa 40 kwa dakika tatu ni saa mbili nzima. Ushahidi mzuri zaidi unatoka Kerala, India, ambako utafiti ulioanza 1996 uliwatumia wahudumu waliofunzwa, wasio madaktari, kukagua midomo ya watu wa miaka 35 na zaidi. Matokeo ya 2005 yalionyesha vifo vya kansa ya mdomo vikipungua kwa asilimia 34 kwa watumiaji wa tumbaku au pombe. Kwa wote kwa ujumla tofauti haikuwa ya kutegemewa. India hutafunwa tumbaku kuliko hapa, basi usihamishe namba. Hamisha utaratibu: kagua wenye tumbaku na pombe waliovuka miaka 35, wenye VVU, na yeyote mwenye lalamiko la mdomo, shingo au sikio. Kwenye foleni ya 40 watabaki wachache, na dakika zitatosha.

Rufaa

Barua ya "kidonda mdomoni, tafadhali msaidie" humrudisha mgonjwa mwisho wa foleni. Iandikwe mahali hasa, kwa mfano ukingo wa kushoto wa ulimi, theluthi ya nyuma, ukubwa kwa milimita, muda, kigumu au laini, tezi ya upande gani na kama inasogea, tumbaku na pombe, hali ya VVU, dawa alizokwisha kutumia, simu ya mgonjwa na ya ndugu mmoja.

Daktari wa kituo asikate kinyama cha kupima isipokuwa amefunzwa na maabara inamngoja. Makosa ni yale yale: kukata katikati ya kidonda, ambako nyama imekufa na jibu linarudi "haitoshi", badala ya pembeni pamoja na sehemu nzima kidogo, kutia kipande kwenye maji au spiriti badala ya fomalini ya asilimia 10, iliyo angalau mara kumi ya ujazo wa kipande, au kukiondoa kidonda kidogo chote, kisha mpasuaji anampokea mgonjwa asijue kilikuwa wapi.

Kabla ya kulipia mafunzo yoyote, piga simu hospitali ya rufaa ya mkoa wako uulize kliniki ya kinywa hupokea siku gani, saa ngapi, na nani hushika simu. Yaandike ukutani juu ya meza ya tabibu. Siku ya kumi na nne baada ya rufaa, nesi anampigia mgonjwa. Asipopokea, anampigia ndugu.